Mama Vikombe na Kiwanja cha Mwanawe

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko safarini, mwombe dereva aongeze sauti. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye nilipotajiwa kazi yake mara ya kwanza nilicheka. Alikuwa anahesabu wadudu.

Nasema kweli. Mtu akitaka kujenga ghala, au shule, au nyumba, ofisi ya mipango humwambia: subiri kwanza, tujue nani anaishi hapo. Si watu. Viumbe wadogo wasio na uti wa mgongo: mende wa porini, buibui, jongoo, konokono. Hapo ndipo marehemu alipokuwa akiitwa. Alichimbia vikombe vya plastiki ardhini, mdomo wa kikombe sawasawa na udongo, ili anayetambaa atumbukie. Kesho yake anarudi, anahesabu, anaandika. Asipokuta kitu adimu, kibali hutoka. Akikikuta, ujenzi husimama. Mtaani wakamwita Mama Vikombe.

Alipokuja hapa studio niliropoka kwamba konokono ni mdudu. Alinitazama hivi. "Konokono si mdudu, mwanangu. Na wewe ndiye unayetangazia watu?" Nikaomba radhi mbele ya nchi nzima.

"Majirani walikuwa wanamletea kesi za kunguni," anasema mdogo wake, ambaye nilikaa naye juzi sebuleni kwa marehemu. "Dada anawajibu: mimi siui. Ila kama unataka kujua wako wangapi, nakuja."

Amefariki akiwa na miaka sitini na tisa. Miaka thelathini na minne kati ya hiyo aliimaliza akiwa amepiga magoti.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mama Vikombe alikuwa na mtoto mmoja, binti, fundi cherehani. Mmoja tu. Baba yake, kabla hajafariki, alimwachia binti huyo kiwanja, ukuta kwa ukuta na nyumba ya mama. Binti akachora ramani ya nyumba. Na nawaambia, aliyeitamani nyumba ile kuliko wote alikuwa mama. Alishachagua hadi pa kutoboa ukuta, wapitishiane chumvi bila kuzunguka barabarani.

Lakini kazi ina miiko yake. Mkaguzi hakagui kiwanja cha mwanawe. Akaletwa mkaguzi mwingine, na mkaguzi huyo akaja kiangazi. Akatega vikombe, akapekua majani, akaandika: hakuna kitu. Hakudanganya, hakuona kitu. Kuna konokono wadogo kama punje ya mchele wanaopenda ardhi ya majimaji kama ile. Kiangazi hujifukia chini na kuziba mlango wa gamba lao mpaka mvua. Ukienda mwezi huo, ni kama kubisha hodi kwa watu waliolala. Wapo, ila hawaitiki.

Mama alijua. Alishawaona mwenyewe pale, mvua za mwaka uliopita. Konokono ambao wilaya nzima hawajapatikana kwingine. Angenyamaza, binti angejenga. Siku tatu alikizunguka kiwanja kile. Siku ya nne akaandika barua kwa ofisi ya mipango: ukaguzi ule ulifanywa mwezi usiofaa. Mvua zikanyesha, ukaguzi ukarudiwa, wakakutwa. Kibali kikafutwa.

Binti hakumumunya maneno. "Mama, umechagua konokono." Akafunga virago, akahamia mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Miaka kumi na moja. Narudia, miaka kumi na moja. Simu ilikuwa ya sikukuu tu: hujambo, sijambo, haya kwaheri.

"Mengine yote yalipita kwangu," anasema mama mdogo. "Niligeuzwa posta. Dada ananiuliza, anakula vizuri huyu? Mtoto ananiuliza, magoti ya mama vipi? Nikawaambia, kwani simu zenu zina miiba? Na dada alizoea kupika cha watu wawili. Kikibaki ananiita nije nimalizie. Mnaniona nilivyonenepa."

Alicheka, halafu akageukia ukutani. Mama yangu mimi yuko mbali pia, kwa hiyo hapo niliomba maji.

Miezi mitatu iliyopita moyo wa Mama Vikombe ulichoka. Binti akaitwa, akaja. Wakasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Mama, kitandani, hakuomba msamaha wala hakutaka kuombwa. Alisema tu: "Mvua zimeanza. Chukua daftari langu, nenda kiwanjani ukanihesabie. Magoti yamegoma."

Binti alikwenda shingo upande. Nawapa maneno yake mwenyewe: "Nilipiga magoti kwenye matope, nikafungua daftari nitafute ukurasa mtupu. Kumbe kila mwaka alikuwa anakwenda. Mwaka wa kwanza ameandika: wapo ishirini na sita, mwanangu hawezi kujenga. Mwaka wa pili: wapo thelathini na mmoja, bado. Mwaka wa saba: nimetafuta saa nne nzima nikidhani wamekwisha, wapo kumi na wanane, Mungu wangu, lini? Miaka yote hiyo mama yangu alikuwa anawatafuta huku anaomba asiwakute."

Akaanza kuinua majani, moja moja. Alilia mpaka akapoteza hesabu, akaanza upya. Kumi na tisa.

Akarudi chumbani. "Mama, hakuna hata mmoja. Nitajenga."

Njia ya mwongo ni fupi, wasikilizaji. Mama alitazama saa ya ukutani. "Kusema wapo kunataka dakika tano. Kusema hakuna kunataka saa nne. Wewe umekaa huko saa moja tu. Wangapi?"

"Kumi na tisa, mama."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono. "Hii nyumba ina vyumba vitatu. Mimi nalala kimoja. Miaka kumi na moja nakagua kiwanja, sikukagua nyumba yangu mwenyewe. Hamia humu."

Akahamia. Waliishi pamoja wiki saba. Wiki saba. Walikula sahani moja, waligombana juu ya chumvi, walilala mchana milango ikiwa wazi. Mama Vikombe aliaga dunia siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, binti akimsuka nywele.

Kwa binti, kwa mama mdogo, na kwa wakaguzi wenzake walioko maporini na vikombe vyao, poleni sana. Na wewe unayenisikiliza: yupo mtu unayesubiri mambo yakae sawa ndipo umwite. Mwite leo, hata kama hayajakaa sawa. Zima redio yangu kama inakuzuia, sitanuna.

Juzi binti alinisindikiza hadi mlangoni. Nikamuuliza, kile kiwanja utakifanyaje? Akasema: "Mvua zikija nitakwenda kuwahesabu. Nitakaa saa nne, kama alivyotaka. Lakini nikimaliza, hesabu nampelekea nani?"

Nikamwandikia namba ya studio kwenye daftari lile. Wasikilizaji wapendwa, tumuage Mama Vikombe.