Cheni Mkononi mwa Mwenyewe: Maisha ya Fundi Mbaluka Ndeti, 1957–2025

Familia ilinipa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu kwa sababu mbili. Kwanza, sauti yangu inafika nyuma hata spika ikigoma. Pili, mwaka jana mimi ndiye niliyezunguka naye mijini akimtafuta fundi mwaminifu. Naitwa Nzilani, nami ndiye niliyemfuata kuzaliwa. Mkiniona nacheka mahali pa kulia, mnivumilie, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyenizoesha.

Mbaluka alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Kasaala, karibu na Ikutha, mtoto wa pili wa marehemu Ndeti Mwau na marehemu Nzisa Ndeti. Mama alituambia kwamba alichelewa kutembea kwa sababu alikuwa na kazi nyingine. Baba akiipindua baiskeli yake kivulini, mtoto alikaa hapo akizungusha pedali kwa mkono na kutazama gurudumu likikimbia bila kwenda popote. Ukimwondoa alilia, na ukimrudisha alinyamaza.

Alijiunga na shule ya msingi hapa Ikutha mwaka 1965 na kumaliza mwaka 1971. Hesabu alizipenda sana. Yeye na Kiingereza hawakuelewana, na hadi mwisho kila mmoja alimlaumu mwenzake. Nafasi ya sekondari haikupatikana, wala sikumwona akisikitika.

Mwaka 1973 Baba alimpeleka Makindu kwa Mzee Salim, fundi wa baiskeli aliyetoka pwani. Alikaa huko miaka minane. Alijifunza kukaza cheni na kuiachia nafasi ya kucheza kidogo, na kuisikiliza ikizunguka kabla ya kushika spana. Alijifunza pia sheria mbili ambazo nyote mnazijua, kwa kuwa aliwalazimisha kuzifuata. Mwenye baiskeli anakaa kwenye benchi na kutazama kazi mpaka iishe. Na kifaa kinachotolewa kwenye baiskeli kinawekwa mkononi mwa mwenyewe, hata kama kimeoza. Mzee Salim alikuwa akisema kwamba fundi anayekutuma ukanywe chai kwanza ana kitu anataka kubadilisha. Mwaka 1981 Mbaluka alirudi nyumbani, akaezeka mabati sokoni Ikutha, na benchi ndilo lililokuwa fanicha yake ya kwanza.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Kasiva Mutunga katika kanisa letu. Siku iliyotangulia, bwana harusi alikuwa ameikaza cheni yake vizuri kabisa, baiskeli ikiwa imepinduliwa na haina mtu. Asubuhi alimpakia msimamizi wake, Mbuvi, ambaye tangu ujana hakuwa mtu mdogo. Walipofika kwenye mlima karibu na kanisa, gurudumu la nyuma lilisogea na cheni ikatoka. Mbaluka aliirudisha kwa mikono, akiwa ndani ya suti. Mnakumbuka hali ya maji hapa mwezi wa Agosti. Mchungaji alimtazama mikono, akaitazama ndoo tupu, akaamua kuendelea na ibada. Kwenye picha ya harusi wifi yangu Kasiva amevaa glavu mbili, moja nyeupe na nyingine ina vidole vitano vyeusi vya mume wake. Tangu siku hiyo Mbaluka hakukubali mtu aondoke bila kuipanda baiskeli na kuzunguka soko na mzigo wake, hata kama mzigo wenyewe ni mke wake.

Mungu aliwajalia Ndeti, Nzisa na Mutunga. Ni watoto wazuri, wenye kazi nzuri, lakini kwenye baiskeli hakuna hata mmoja aliyefaa. Ndeti alijua kukaza tu, kulegeza hakujua. Baba yao aliwasamehe mapema.

Mwezi wa Januari 2024 alianza kuhema akivuka tu barabara. Hospitalini Kitui daktari alieleza kwamba moyo umepanuka, akamkataza kuinua vitu na kuinama muda mrefu. Nilikuwa nimekaa naye. Nilingoja aulize kama atapona. Aliuliza, "Sasa baiskeli za watu?" Daktari alidhani hajaelewa, akarudia kila kitu polepole. Lakini alikuwa ameelewa vizuri sana. Alijua watu wa Ikutha wanaobeba maji kwa baiskeli, wauza maziwa, na walimu wenye zile za gia za mtumba, na alijua ni mafundi gani wa barabarani wangewapokea yeye asipokuwepo. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alitaka kuwaachia fundi watakayemwamini, na hakujua kama muda utamtosha.

Basi tukaanza safari. Kwa kuwa daktari alimkataza kwenda peke yake, nilipewa mimi kazi ya kumchunga. Tulipakia baiskeli yake ya gia juu ya basi, na tukikaribia duka la fundi alifanya hila yake. Alizungusha kidogo tu ile skrubu inayokaza waya wa gia, na cheni ikaanza kurukaruka na kupiga kelele. Dawa yake ni kuirudisha skrubu mahali pake, basi. Kisha aliinamisha mabega na kuingia dukani kama mzee asiyejua kitu. Mimi nilitakiwa nisicheke.

Mji wa kwanza siutaji, kwa sababu yule fundi ana jamaa zake hapa na bado hatujala. Hakuigusa hata baiskeli. "Mzee, hii cheni imeisha," akasema. "Gia zimeisha. Hata hizi pedali, sijui kama utafika nazo home. Wacha hapa, mwende mkunywe chai." Kaka yangu alisikia neno chai akaniangalia, na mimi nikatoka nje kukohoa.

Pale Malili tulimpata kijana mpole ambaye hakutaka kubadilisha chochote. Alitazama, akafikiri, akachukua nyundo. Mbaluka aliinyakua baiskeli kwa nguvu ambazo daktari angezikataza. Kwenye basi aliniambia, "Yule haibi. Lakini baiskeli ingefurahi kama angeiba."

Mwisho tulifika Makindu, ambako Mzee Salim alishafariki zamani. Karibu na soko tuliambiwa kuna mama anaitwa Tima, mke wa Bilal muuza vipuri. Tulimkuta amekalia mtungi wa plastiki wa maji, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali, akainamisha kichwa kusikiliza. Kaka yangu alipoona ameinamisha kichwa, alinishika mkono.

"Mzee," Tima akasema, "hii haijaharibika. Imelegezwa na mtu anajua."

"Ni nani huyo?" Mbaluka akauliza.

"Ni wewe. Angalia kucha zako."

Nilicheka mpaka nikatafuta mahali pa kukaa. Lakini Tima hakuwa amemaliza. Alirudisha skrubu, kisha akaivuta cheni kwa vidole pale mbele, nayo ikanyanyuka kwenye meno mpaka mwanga ukapita. "Sasa hii ndio shida ya ukweli. Cheni yako imelika. Ukiiacha itakula na gia."

Mbaluka alikataa. Akasema cheni hiyo ameifunga mwenyewe, na ni ya juzi. Tima aliivuta tena. Kaka yangu alivaa miwani, akainama na kuangalia, akavua miwani, akaangalia tena. Aliyetuambia sisi sote kwamba cheni hulika polepole mpaka mwenyewe asione, hakuwa ameiona yake. Akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mama, unaweza kuja Ikutha siku za soko?"

"Nitakuja," Tima akasema, "lakini nisiitwe msaidizi wa mtu."

Alikuja. Na ninyi, watu wa Ikutha, mlimpita. Nasema mbele ya jeneza kwa sababu mwenyewe aliwasamehe. Wengine walisema hawajazoea mwanamke na spana, wengine kwamba hawamjui mgeni wa Makindu. Soko la kwanza alikaa peke yake, la pili vivyo hivyo, nanyi mkazileta baiskeli nyumbani kwa mgonjwa. Alizirudisha kutoka kwenye kiti chake, moja moja, na kila aliyerudishwa alikwenda akaifungia baiskeli ndani. Kasiva aliniambia kwamba hapo ndipo alipomwona mume wake ana huzuni, si siku ya daktari.

Soko la tatu Mbaluka alivaa koti la Jumapili, akaikokota baiskeli yake mpaka chini ya mabati yake mwenyewe. Hakupita upande wa fundi. Alikwenda kukaa kwenye benchi, mahali ambapo miaka yote aliwakalisha wengine, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza mbuzi, "Fundi, cheni yangu imelika. Mimi sikuona."

Tima alifanya kazi yake bila haraka. Alipoitoa ile cheni, aliikunja, akaja nayo mpaka kwenye benchi na kuiweka mkononi mwa kaka yangu. Hakuna aliyemwambia kuhusu sheria hiyo. Nilipomuuliza baadaye, alishangaa, akasema, "Si ni yake?" Cheni mpya ilipokwisha kufungwa, Mbaluka aliipanda baiskeli na kuzunguka soko polepole, bila mzigo, na cheni haikutoa sauti. Aliporudi, mtu wa kwanza alikuwa ameshakaa kwenye benchi, naye alikuwa Mbuvi.

Kuanzia hapo kaka yangu alilala vizuri. Alikwenda sokoni akakaa tu na kubishana na Tima kuhusu mafuta ya cheni, na mara nyingi alishindwa. Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, baada ya chai ya saa kumi, alimwambia Kasiva kwamba amechoka kidogo, akajilaza, na Bwana akamchukua bila maumivu. Tunawashukuru madaktari, kanisa, na Tima, ambaye leo amefunga kazi siku ya soko ili awe nasi.

Marehemu ameacha mjane, Kasiva, watoto, Ndeti, Nzisa na Mutunga, wajukuu, kaka yetu Kiema, na mimi.

Jana tulipokuwa tukimvalisha, tuliikuta ile cheni kwenye mfuko wa koti la Jumapili, imefungwa kwenye karatasi, na mafuta yamepenya hadi kwenye kitambaa. Nilitaka kuitoa. Kasiva alinishika mkono. "Iache, wifi," akasema. "Alinioa na grisi, wacha aende na grisi."

Tumeiacha. Apumzike kwa amani kaka yangu, na huko aliko asiwepo wa kumtuma akaoshe mikono.