Mataji Mawili na Sufuria Moja

Sogeeni, wanangu, Sufyan na Hadiya, nitieni huo mto mgongoni nipate kukaa, maana maneno ninayo leo, pumzi ndizo za kuokoteza.

Mwajua miaka sita nilimuuguza Mzee Hagop, Mwarmenia wa kule Sharpstown, mtaa wa Houston. Kila nikimlisha uji alinisimulia wakuu wa kwao wa kale, leo huyu ana nguvu, kesho yule, nami hucheka nikamwambia mbona hao ni jamaa zangu wa Lamu kabisa! Kisa kimoja hakikunitoka. Mfalme wao Smbat alikuwa na taji lake, akaja amiri wa jirani akamvisha Gagik, mpwa wa mfalme, taji jingine. Mjomba na mpwa wakawa maadui, nchi ikapasuka, amiri akaingia.

Nisameheni, amiri huyo ni mimi. Baba yenu alipokufa nilikupigia simu Houston, Sufyan, nikakwambia wewe ndiwe kichwa cha nyumba, Idi utaitangaza wewe. Wiki haikwisha nikamwambia Hadiya hapa Carrollton maneno yale yale, kwa kuwa alikuwa akilia na mie sijui kumnyamazisha mtoto ila kwa kumpa kitu. Mwaka wa tatu huu tuna Idi mbili: Sufyan aufuata mwezi wa Makka, Hadiya angoja uonekane Texas, na kila mmoja aninong'oneza kuwa mwenziwe ana kiburi. Hamna kiburi, wanangu. Mna mama muoga.

Leo nayavua mataji yote mawili. Mali yangu ni lile sufuria la pilau nililolipakata kwenye ndege tangu Mombasa. Sufyan, sufuria ni lako, lipeleke Houston. Hadiya, mfuniko ni wako, ubaki hapa. Kila Idi mmoja atasafiri, na mwezi mtakubaliana kwenye simu. Atakayenunua sufuria jipya sina radhi naye!

Wasemaje, Hadiya? "Mama, but nani ata-decide?" Ataamua mwenye njaa zaidi. Chekeni, nami nacheka, ijapokuwa kifua chaniuma. Miaka mitatu sijawasikia mkicheka chumba kimoja, na furaha hii yanitosha.

Nizikeni mapema, msingoje wageni. Mungu awape... awape afya, na watoto wapendane. Radhi zangu ni zenu nyote.

Sufyan, najua Idi yako uliila jana. Kula tena leo. Nendeni jikoni, pilau yataka mvuke... ifunikeni pamoja kwa ule mfuniko, nisikie.