Nilikimbia Mfupa Haujaunga

Bwana asifiwe! Mbukwenyi, ndugu zangu! Asanteni, nimewasikia. Nimepewa dakika kumi, na naona wanaonifahamu wameshaanza kuiangalia miguu yangu. Iangalieni tu. Leo siruki.

Kwa mgeni asiyenijua, mimi ni Baba Daudi, bwana mifugo wa huku Msalato. Kazi yangu ni ng'ombe, mbuzi na kuku wa watu. Nachanja, natibu, nafunga miguu iliyovunjika. Kukimbia ni starehe yangu tu. Jumamosi asubuhi tulikuwa watu kama kumi na wawili wa mtaani, tunavaa tisheti zetu za njano, tunafuata barabara ya vumbi ya kuelekea upande wa uwanja mpya wa ndege, tunaimba, tunarudi tumelowa jasho, tunakunywa chai. Sijawahi kushinda medali hata ya plastiki. Nilipenda, basi. Wiki nzima nakanyaga mavi ya ng'ombe, lakini Jumamosi nilikuwa najisikia mwepesi.

Mwaka jana, mvua zikielekea kuisha, maji yalikata ile barabara yakaacha korongo dogo. Wenzangu waliliona wakapita pembeni. Mimi nilikuwa mbele, nimegeuza shingo nawaimbisha. Mguu wa kushoto ukaingia korongoni, mwili ukaendelea na safari. Mfupa wa muundi ukavunjika! Hospitali wakanifunga hogo, ile plasta ngumu, toka kwenye vidole mpaka juu ya goti. Wiki nane.

Ndugu zangu, wiki nane ni nyingi. Jumamosi nilikuwa nawasikia wenzangu wanapita nje wanaimba, najifunika shuka usoni. Nililia, ndiyo, mtu mzima na ndevu zangu. Niliogopa kwamba sitakimbia tena, na hofu ile sikumwambia mtu.

Hogo lilipotolewa, daktari aliniambia nitembee na magongo mwezi mmoja, nifanye mazoezi ya viungo, ndipo tupige picha tena tuone. Mambo ya kukimbia alisema tutayazungumza baadaye. Neno hilo la baadaye sikulipenda.

Jumapili iliyofuata nikaja hapa na magongo, mkaniombea. Hapa nataka nieleweke vizuri. Mchungaji hakuniambia nikimbie. Aliniwekea mkono, akaomba, tukasema amina. Mimi nikasikia joto mguuni, na kwa muda ule sikusikia maumivu. Nikayalaza magongo pale karibu na ngoma, nikashika kipaza sauti, nikatangaza kwamba nimepona kabisa, na hospitali sirudi! Halafu nikatimua mbio. Nilizunguka kanisa hili mara tatu, akina mama wanapiga vigelegele, kwaya inanifuata nyuma. Mnakumbuka. Mzunguko wa tatu mguu uliniambia nisimame, nikaona aibu. Ningesimamaje na kanisa zima limesimama?

Kuanzia siku ile, ndugu zangu, ushuhuda ndio ulikuwa unanitembeza. Nikipita mbele za watu najikaza, nikifika kwenye kona nashika ukuta. Magongo niliyaficha stoo, nyuma ya magunia ya mtama. Mtu akiniuliza hali, namjibu nimepona, Mungu ni mwema. Mungu ni mwema kweli, lakini sikuwa nimepona. Mke wangu, Mama Daudi, alinikanda mguu kila jioni, na maji ya moto aliyaweka kabla sijaomba.

Wiki tatu zikapita hivyo. Ndipo akaja Mama Yunisi.

Mama Yunisi ni yule pale, safu ya pili, kitenge cha bluu. Ameniruhusu niseme habari zake. Ni mjane, anafuga ng'ombe wachache na mbuzi, na miezi ile ile niliyoumia mimi, yeye aliteleza zizini akavunjika kifundo cha mguu. Alikuwa anahudhuria mazoezi hospitali bila kukosa. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda nje ya nyumba yangu, hana gongo wala fimbo, anashika ua kwa mikono miwili mpaka akanifikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana mifugo. Nimekuja na swali." Akakaa kwenye kigoda, akavua kandambili. "Niliposikia ushuhuda wako na mimi magongo niliyaacha. Kliniki nimeacha. Lakini mguu unavimba, ona. Sasa nikuulize wewe uliyepona, imani yangu imepungukia wapi?"

Ndugu zangu! Jibu la kumridhisha lilikuwa tayari mdomoni. Endelea kuamini, mama, usimpe shetani nafasi. Ningelisema, angeondoka ameshika ua hivyo hivyo, na mguu ule ungeharibika kwa sababu ya mdomo wangu. Niliutazama mguu wake, ninajua mfupa unaoteswa unavyoonekana, ndiyo kazi yangu. Nikainama, nikapandisha suruali.

Mguu wangu ulikuwa umevimba kuliko wake.

Akauinamia akauangalia, kisha akanitazama usoni. "Yule ndama wangu aliyevunjika mguu," akasema, "ulinikataza nisimtoe zizini wiki sita. Nikamkatia majani, nikamletea maji, akalia nikamwacha alie. Wewe nani amekufungulia?"

Nilicheka, machozi yakanitoka. Mganga hajigangi! Naamini Bwana aliniokoa dakika ile, pale uani, kwa kinywa cha mama mwenye ndama. Nilimwomba msamaha. Akanisamehe, ila akasema kesho yake asubuhi twende hospitali wote wawili, na mimi nitangulie kuingia.

Tukaenda. Kifundo chake kilikuwa kimechoshwa tu, tumshukuru Mungu. Mimi picha ilionyesha ufa haujafunga, na nilikuwa nimeuchokoza. Magongo tena, wiki sita. Hapo mkaniona narudi kanisani na magongo, nakaa kule nyuma karibu na mlango, natoka kabla ya baraka. Hakuna aliyeniuliza. Mlinionea haya kwa upendo, nawashukuru, lakini na mimi nikajificha ndani ya haya yenu.

Baada ya hapo ndipo nilianza kujifunza. Pale kwenye mazoezi ya viungo kuna binti mmoja anayetufanyisha, umri wake kama wa mwanangu, hana maneno mengi. Wiki za kwanza ilikuwa kushika ukuta na kuinua visigino, kusimama kwa mguu mmoja wakati napiga mswaki, na kutembea. Kutembea tu! Mfupa ulipoonekana umeunga, akaniruhusu kukimbia kidogo, akanipa sheria mbili. Nisikimbie siku mbili mfululizo. Na asubuhi ya siku ya pili nikiamka na maumivu yaliyozidi, nijue nilizidisha, nirudi nyuma hatua moja.

Nikachagua nguzo za umeme za barabara ile ile. Nakimbia nguzo moja, natembea nne. Hiyo ndiyo ilikuwa mbio yangu yote. Kuna mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya maji kichwani alinipita, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Wenzangu wa tisheti za njano walikuwa wananipita wakienda na kunipita tena wakirudi. Iliniuma. Kiburi kinauma kuliko muundi, niwaambie ukweli.

Jumamosi moja nikajisikia vizuri mno. Nikawafuata wenzangu, nikakimbia nguzo sita bila kupumzika. Jumapili asubuhi nashuka kitandani nachechemea, Mama Daudi akaniangalia, akasema, "Baba Daudi, umeshaanza ushuhuda tena?" Nikarudi kwenye nguzo moja. Wiki mbili nguzo moja, halafu mbili, halafu tatu. Nilikuwa nikifika kwenye nguzo naomba kabla ya kuanza inayofuata, na maombi yangu yakawa mafupi na ya kweli. Bwana, nipe subira ya kufika pale. Basi. Akawa ananipa.

Mama Yunisi nilikuwa nampa taarifa kila nikienda kuchanja mbuzi wake. Siku moja nilipomweleza habari za nguzo zangu, akanikatiza. "Mambo haya unaniambia mimi na mbuzi. Yale ya uongo uliyasema kwa kipaza sauti."

Nikamwomba aniache kwanza nifikishe nguzo kumi bila kusimama, ndipo nisimame hapa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilifikiri mkiusikia ukweli kwa kinywa changu, mtu mwingine atasema kumbe Mungu haponyi. Ndugu zangu, Mungu anaponya! Mfupa nilioukimbiza ungali mbichi aliuunga tena, mara ya pili, kwa mtu aliyekuwa amemsingizia. Mimi ndiye niliyetaka amalize Jumapili ile ile kwa sababu watu walikuwa wanaangalia.

Jana asubuhi nilikimbia nguzo kumi. Pole pole, mwisho kabisa nyuma ya wenzangu, siimbishi mtu. Nilipoigusa ile ya kumi nilibaki nimeikumbatia, nikamwambia Bwana asante, na mbwa wa mtu akanibwekea.

Kwa hiyo nimekuja kuufuta ushuhuda wangu wa kwanza na kuwaachia huu. Kama uliweka gongo lako chini kwa sababu yangu, kama uliacha dawa au kliniki kwa sababu yangu, nisamehe, na kesho urudi. Mwamini Bwana unapoingia kwa daktari, mwamini unapotoka, mwamini na wiki zile ambazo huoni kitu. Yupo nawe katika wiki hizo. Nimemkuta huko.

Mama Yunisi, usisimame mama yangu, piga makofi hapo hapo ulipokaa. Na ninyi kwaya, nawaona mnataka kunifuata kwa ngoma. Mbio zangu zilikuwa jana. Leo ni siku ya kuupumzisha mguu, kwa hiyo natembea kurudi kwenye kiti changu, na ni mbali kidogo, mnivumilie. Bwana asifiwe!