Nafasi ya Nasur Katika Mstari

Risala ya Chama cha Askari wa Zamani wa Arua na Koboko. Arua, Novemba 1977.

Mgeni rasmi, mwenyekiti wetu Sajini Tahiru, mashehe na mapadri, akina mama, na ninyi nyote mliofika kutoka Vurra, Maracha na mpakani:

Karibu kwetu

Mgeni rasmi, tumefurahi kukuona kuliko nyuso za wazee wetu zinavyoonyesha. Walifundishwa ujanani kwamba askari hachekicheki mbele ya mkubwa, na fundisho hilo limewakaa. Ukiwaona wamekaza midomo, usidhani wamenuna. Wako gwarideni.

Tunasoma kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowaunganisha. Mkakwa, Mlugbara na Mnubi walipoingia kambi za Keya, jeshi la Waingereza, hawakuwa na lugha moja ya kuombana maji. Walipotoka walikuwa na lugha ya kutaniana. Wao wanasema “mimi iko”. Sisi makarani wao, tuliopita vyuoni, tunasema “nipo”. Maneno yao tumeyaandika humu jinsi walivyoyasema, maana hayana aibu yoyote.

Jambo moja tulitaje mapema. Baada ya risala hii utaukagua mstari wa wazee. Wiki iliyopita tuliletewa ujumbe kwamba wajane wasisimame katika mstari huo, na kwamba kuanzia mwaka ujao wasiwe wanachama tena, kwa kuwa hiki ni chama cha askari. Mjane wa kwanza kusimama humo ni Mama Kaltumu, mke wa marehemu Koplo Nasur, na wengine walimfuata yeye. Tumeambiwa kwamba neno la mwisho ni lako. Kabla hujalisema, tunakuomba usikilize jinsi tulivyoanza.

Tulivyozaliwa njiani

Mwaka 1971 hakukuwa na chama. Kulikuwa na wazee wa Arua, Candia miongoni mwao, waliokutana kila Ijumaa nyumbani kwa Nasur, mtaa wa Tanganyika, na wazee wa Koboko waliokutana siku za soko kwa Fabiano, fundi wa baiskeli. Wote walikwenda Burma. Wote walirudi na hadithi zilezile, kila upande ukidai ni zake. Wa Arua walisema wenzao wa Koboko walikuwa wapishi. Wa Koboko walijibu kwamba Arua ni watu wa bendi, wamepigana na tarumbeta tu. Neno hilo lilimchoma Nasur, maana kweli alikuwa mpiga tarumbeta.

Mwanzoni mwa 1972 waliona wanazeeka na wanazikana wawili wawili, kwa hiyo wakakubaliana kuungana. Wangekutana Arua, siku ya Jumapili. Likabaki swali la nani awe mkubwa. Hapo ndipo walipokumbuka desturi ya kambini: kikosi kikikuta kikosi kingine hakijajipanga, kile kilichokutwa kinakuwa chini. Hakuna aliyeitaja desturi hiyo kwa sauti, lakini kila mtu alikuwa nayo kichwani.

Basi wa Koboko wakapanga kuja Jumamosi badala ya Jumapili, wawakute wa Arua na fulana za ndani. Nao wa Arua, bila kujua, wakapanga kwenda Koboko Jumamosi hiyohiyo, wawakute wenzao vitandani.

Koboko walikodi lori la Anicet, mfanyabiashara wa Kongo aliyekuwa akileta samaki wakavu. Walilala chini, juu ya harufu ya samaki, wakaagiza wafunikwe turubai wasionekane njiani.

“Bazee, mutakufa na joto humu ndani,” Anicet aliwaonya.

“Askari haifi na joto,” akajibu Tahiru, aliyekuwa akiwaongoza. “Funika.”

Arua nao walikodi lori la tumbaku. Nao walilala chini, nao wakafunikwa. Malori hayo mawili yalipishana mchana kweupe karibu na Maracha, na hakuna mzee aliyemwona mwenzake. Anicet anasimulia mpaka leo kwamba alipiga kelele dirishani: “Mzee Tahiru! Ile turubai ingine inakohoa!” Akajibiwa: “Kimya. Endesha.”

Asubuhi hiyo Kaltumu alikuwa amekaa uani kwake akisuka sinia la ukindu. Nasur alikuwa amemuaga kwamba anakwenda Logiri kuangalia mbuzi. Kaltumu aliona kwamba viatu vya kuangalia mbuzi vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, akajua ni uongo, lakini akamwacha. Alimpenda zaidi alipokuwa na jambo la kuficha, maana alirudi kama kijana.

Lori likasimama nje. Wazee wakashuka, magoti yakikataa, mmoja akimvuta mwingine. Tahiru akajitengeneza, akapaza sauti: “Arua! Toka inje! Paredi!”

Akatoka kuku. Kisha akatoka Kaltumu.

“Nasur iko wapi?” Tahiru akauliza.

“Nasur haiko. Ilitoka mapema.”

“Candia?”

“Haiko.”

“Na wale wengine?”

“Wote haiko. Mimi iko.”

“Sisi nataka askari, mama.”

“Na mimi nataka mutu ya kufagia hii magamba ya samaki mulileta kwa uwanja yangu.”

Wazee wa nyuma wakacheka chinichini. Lakini Kaltumu aliona jinsi Tahiru alivyoanza kutabasamu, akaelewa mara moja. Watu hawa wamekuja kumwaibisha mumewe nyumbani kwake. Wakirudi Koboko na habari kwamba Arua imekutwa tupu, Nasur hataiinua shingo mpaka afe.

Kaltumu aliolewa akiwa binti mdogo, akaishi miaka mingi kwenye lain, zile nyumba za askari kambini. Amri zote alizisikia kupitia ukuta wa bati, asubuhi na jioni, akiwa jikoni. Hakuwahi kuambiwa ajifunze, ziliingia zenyewe. Akaita majirani zake, wake wa wazee wa Arua. Wakaja na michi na fagio mabegani, wengine na unga mikononi. Akawapanga. Kisha akawageukia wa Koboko, akavuta pumzi, akatoa sauti ambayo mtaa wa Tanganyika haukuwahi kuisikia:

“Mguu sawa!”

Mgeni rasmi, visigino vya Koboko viligongana kabla wenyewe hawajafikiri. Tahiru naye. Mikono ilinyooka, videvu vikapanda. Walipogundua aliyewaamuru, walikuwa wameshasimama.

Kaltumu akapita mbele yao mmoja mmoja, polepole. Akafika kwa Fabiano.

“Wewe. Kifungo ya shati iko wapi?”

“Ilipotea, mama.”

“Ilipotea Burma?”

Hapo mstari ulivunjika. Wengine walicheka mpaka wakashika lori. Lakini desturi ni desturi, na Tahiru ni mtu wa haki. Alisema mwenyewe, mbele ya wote: “Tulikuta Arua imejipanga. Sisi ndiyo tulikutwa vibaya.”

Huko Koboko, Nasur na wenzake walikuwa wamevamia ua wa Fabiano na kumkuta mkewe, Paska, amebaki peke yake na ndoo. “Munataka kuteka Koboko?” akawauliza. “Tekeni. Lakini kwanza mulete maji.” Mpaka saa sita mchana mashujaa wa Arua walikuwa wakipanda kutoka mtoni na ndoo vichwani.

Huku Arua, Anicet alipowakumbusha ile turubai iliyokohoa, wazee wa Koboko walielewa wenzao wako wapi, wakataka kuondoka haraka kuwafuata. Kaltumu akawazuia.

“Mukitoka na wao natoka. Mutapishana tena. Toa hii turubai. Kila mutu aonekane.”

Akafunga gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, katika kitambaa, akapanda mbele na Anicet. Kufika karibu na Maracha wakaliona lori la tumbaku linakuja. Anicet akaweka lake katikati ya barabara. Turubai ya upande wa pili ikafunuliwa, na wazee wa Arua na Koboko wakatazamana, wote wameketi chini kama magunia. Kisha Nasur akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akashuka akakaa kwenye majani.

Walikula pale pale, gurusa za Kaltumu na samaki wa Anicet. Tahiru akasimulia yaliyotokea, bila kujipunguzia aibu hata kidogo. Nasur akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Alipoombwa awe mwenyekiti, kwa kuwa Arua imeshinda, alikataa. “Mimi nilikuwa nachota maji,” alisema. “Tahiru iwe mkubwa. Mimi nitapiga tarumbeta.”

Ndiyo maana tunasema chama hiki hakikuzaliwa Arua wala Koboko. Kilizaliwa kando ya barabara, na aliyetufikisha pale hakuwahi kuvaa sare.

Miaka yetu mizuri

Kila mwezi tulikutana, zamu hii Arua, zamu ile Koboko. Mashati ya kaki yalipigwa pasi ya mkaa mpaka yanasimama yenyewe. Nasur alipiga tarumbeta na watoto wa mtaa walikimbia kutoka kila kona, na baada ya gwaride kulikuwa na chai ya sukari nyingi, wakati ule sukari haijawa hadithi. Wazee walikaa mpaka jua linashuka wakibishana juu ya mto mmoja wa Burma, kama ulikuwa upande wa kulia au wa kushoto. Hawajaafikiana.

Tulizikana vizuri. Akifa Mwislamu, Wakristo walichimba. Akifa Mkristo, Waislamu walichimba. Candia alipovunjika mguu kule Logiri, shambani ambako hakuna gari linalofika, walimbeba mpaka hospitali ya Kuluva kwa blanketi na miti miwili, wakipokezana bila kumtua chini, kama walivyobebana vitani. Candia anasema njia nzima walimtukana kwa uzito wake. Anasema hajawahi kusikia matusi matamu kama yale.

Mwaka 1975 Nasur alifariki. Kwenye gwaride lililofuata, wazee walijipanga wakaacha nafasi yake wazi, kati ya Fabiano na Candia. Hiyo nayo ni desturi yetu: mwenzako akiondoka, husogei kuziba.

Kaltumu alikuja siku hiyo na birika la chai, kama siku zote. Akaiona nafasi ile. Upana wake ulikuwa upana wa mabega ya mumewe. Anasema aliweza kustahimili mazishi, na nyumba isiyo na kikohozi chake asubuhi, lakini kuona majani kati ya watu wawili, mahali Nasur alipokuwa akisimama, hakuweza. Aliweka birika chini, akaenda akasimama pale.

Fabiano akamnong'oneza, bila kugeuza shingo: “Mama, hapa haiko jikoni.”

Tahiru alisikia kutoka mbele. “Fabiano, kimya,” alisema. “Mstari iko kamili.”

Toka siku hiyo, kila mjane aliyetaka amesimama mahali pa mumewe.

Yanayotutatiza

Tungeweza kutaja mengi. Sare zimechakaa. Sukari na sabuni hazionekani. Tarumbeta haina mpigaji, imetundikwa kwa Tahiru.

Lakini kinachotuumiza ni huu ujumbe. Hatujui umetoka kwenye meza gani, wala hatumlaumu aliyeuandika. Huenda hakuwahi kutuona. Tunachojua ni kwamba wazee wanapungua kila mwaka. Tukiwaondoa wajane leo, mstari utakuwa na mapengo mengi kuliko watu, na sisi tutakuwa tumewaambia wanawake hawa kwamba walifaa kupika chai ya chama lakini hawakufaa kuwakumbuka waume zao ndani yake.

Jana Mama Kaltumu alikuja kwetu. Alisema yuko tayari kuketi na wageni, tusigombane na mkubwa kwa ajili yake. Tulimuuliza anataka nini hasa, yeye mwenyewe. Akajibu:

“Mimi haitaki kuitwa askari. Mimi nataka ile nafasi isibaki wazi.”

Tunachoomba

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: mabati, viti, dawa. Tumeyafuta yote, libaki moja lisipotee katikati ya mengine.

Wajane wabaki katika chama na katika mstari.

Mgeni rasmi, sasa hivi utashuka kukagua. Wazee wameshajipanga, na Mama Kaltumu yupo kati ya Fabiano na Candia, kwa sababu tumemwomba asimame. Mguu wa Candia hauvumilii kusimama sana, lakini amekataa kiti. Ukimaliza kwa Fabiano, usiruke. Simama mbele ya Mama Kaltumu kadiri ulivyosimama mbele ya wengine, umtazame, kisha uendelee. Hatuhitaji barua wala hotuba. Tukiona umesimama tutakuwa tumejibiwa.

Na ukipita bila kusimama, pia tutakuwa tumejibiwa, na hatutapiga kelele. Ila ni haki yako kujua kwamba Fabiano na Candia wametuambia asubuhi ya leo, kila mmoja kwa wakati wake na bila kushauriana, kwamba mama huyo akitoka, nao wanatoka.

Mungu akujalie safari isiyo na vumbi, akurudishe kwa watu wako ukiwa mzima, na awalaze pema wote tuliowaachia nafasi.

Ni sisi, tulio hai na waliotangulia,

Chama cha Askari wa Zamani wa Arua na Koboko