Fundi Mapigo na Kicheko cha Ubeti wa Kwanza

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi wetu wa kupanga alama anastaafu baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka ishirini na sita. Siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, seva za matoleo yote matano ya zamani ya Gonga Twende, kompyuta zinazoyarushia nyimbo mtandaoni, zitazimwa. Ofisi ya wafanyakazi imeniomba niandike ukurasa mchangamfu kwa ajili ya ratiba ya sherehe, na imenikumbusha kwa upole kwamba habari ya seva haihusiani na sherehe. Nimekaa meza moja na mtu huyu tangu toleo la kwanza, mimi nikichora, yeye akigonga. Uchangamfu nitajitahidi. Kunyamaza kuhusu seva kumenishinda.

Kwa wageni ambao hawajawahi kuicheza, Gonga Twende ni gemu ya muziki. Wimbo unapigwa, alama za rangi zinashuka kwenye skrini, nawe unagonga kila moja inapogusa mstari. Ukiwahi umekosa, ukichelewa umekosa. Anayeamua alama ikae wapi ni fundi, na fundi wetu alikuwa mmoja tu. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akagonga meza kwa viganja mpaka wimbo ukamkubali, ndipo akaanza kupanga. Upande wake wa meza una mabonde mawili. Ndiyo maana tukamwita Mapigo, na jina lililo kwenye kitambulisho chake likabaki la walinzi wa getini.

Alikuwa na sharti moja: hakuweka alama pale mwimbaji anapovuta pumzi. Meneja wetu wa kwanza alilalamika kwamba mchezaji anakaa bure. Mapigo akamjibu kwamba mtu anayevuta pumzi aachwe avute. Walibishana mwaka mzima, na aliyechoka akawa meneja.

Toleo la kwanza tulilitengeneza kwenye chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya magari. Lilichezwa kwa ngoma ndogo ya plastiki unayoiweka mapajani. Tulihitaji nyimbo nane, na waimbaji tuliowapata waliimba saba. Wa nane ukaimbwa na mkewe Mapigo, ambaye siku hizo alikuwa mhudumu wetu wa mapokezi na sote tukimwita shemeji. Tulimfungia stoo, tukaegemeza magodoro ukutani ili honi za barabarani zisiingie. Akaimba ubeti wa kwanza bila dosari. Alipoumaliza tu, godoro moja likamwangukia kichwani. Shemeji akacheka, kicheko kimoja kikubwa kisicho na haya, kisha akadaka ubeti wa pili kama vile hakuna kilichotokea.

Tulitaka kukikata kicheko kile. Mapigo akagoma, na si kugoma tu, akakiwekea alama. Alama hiyo ilitutoa jasho. Kicheko hakina mdundo, kwa hiyo kila mchezaji aliikosa, na malalamiko yakamiminika kwamba gemu yetu ina hitilafu. Mapigo aliwajibu wote neno lilelile: si hitilafu, sikilizeni tena. Shemeji kule mapokezi alikuwa akipokea simu za watu waliokasirishwa na kicheko chake mwenyewe, na hakuwaambia kitu.

Toleo la pili lilichezwa kwa miguu, juu ya zulia lenye vitambuzi. Mapigo alivua viatu akaruka wiki baada ya wiki, vumbi la dari likawa linawadondokea wahasibu wa duka lile la chini kwenye vikombe vya chai. Walipanda juu kutugombeza, na wawili kati yao wakabaki kucheza.

La tatu lilikuwa la gitaa la plastiki, na hapo tuliharibu vibaya. Tulilijaribu kwenye televisheni yetu ya zamani yenye kitumbo, ilhali watu majumbani walikuwa wameshanunua zile bapa, ambazo kumbe picha yake huchelewa kidogo nyuma ya sauti. Kila aliyegonga alama ilipofika kwenye mstari aliambiwa amechelewa. Familia nzima zikaamini hazina sikio la muziki. Mama mmoja alituandikia kwamba mumewe, aliyekuwa hodari wa kucheza, sasa akialikwa harusini anakaa kwenye kiti mwanzo hadi mwisho. Ni Mapigo aliyebuni ule mpira unaodunda mwanzoni mwa gemu, unaougonga ili mashine ijue televisheni yako inachelewa kiasi gani. Yule mume tulimpelekea nakala mpya pamoja na radhi zetu.

Mwaka wa toleo la nne, shemeji alifariki dunia. Sina namna ya kuliandika hilo kwa uchangamfu. Aliugua muda mfupi, na Mapigo alirudi kazini mapema kuliko tulivyotaka arudi. Toleo lenyewe lilikuwa la simu, kidole juu ya kioo, na alilichukia tangu siku ya kwanza. Alisema kioo ukikigonga ni kama umembishia hodi mtu asiye nyumbani. Hata hivyo alilikamilisha, likauzwa kuliko yote yaliyotangulia.

Halafu likaja la tano, ambalo waandishi wa magazeti walilisifu kwamba limerudi kwenye asili yake, kwenye ngoma. Ni kweli ngoma ilirudi. Mapigo ndiye aliyeshikilia irudi, tena iwe na mtambo ndani: ukigonga sawasawa inatetemeka viganjani, kwa nguvu au kwa upole kadiri ya sauti ya mwimbaji. Ukikosa, inabaki kimya. Alidai pia nyimbo za zamani zirudishwe humo, ukiwemo ule wa nane. Tulidhani ni mapenzi ya kazi.

Siku moja king'ora cha moto kililia, jengo zima tukashuka barabarani. Ilikuwa kengele ya bure, waya tu ulikuwa umeungua. Tulipojihesabu, Mapigo hakuwepo. Nilipanda kumtafuta nikamkuta mezani petu, mkono mmoja ameubandika kwenye spika, mwingine unapanga alama, na king'ora kinalia juu ya kichwa chake. Hakugeuka mpaka nilipomgusa bega. Daktari alisema masikio yalikuwa yameshamtupa mkono siku nyingi, kazi ya hedifoni za miaka yote ile. Toleo la tano lote alikuwa amelipanga kwa kiganja. Spika ilimpa ngoma na besi, waimbaji hakuwapata kabisa. Wale waandishi walisifu uziwi wake bila kujua, nasi tuliokaa naye hatukujua zaidi yao.

Tangu siku hiyo tulielewa kwa nini kila adhuhuri, wenzake tukienda kula, yeye anabaki na ngoma mapajani na kucheza wimbo mmoja tu. Sauti ya shemeji haipiti tena masikioni mwake. Inapita mikononi. Akigonga panapostahili, ngoma inatetemeka kama shemeji alivyoimba pale stoo, na kwenye kicheko inatetemeka kuliko pengine popote. Yeye ndiye mtu pekee ninayemfahamu ambaye hajawahi kuikosa alama ile.

Toleo la sita halina fundi. Programu inausikiliza wimbo na kuupangia alama kabla chai haijapoa. Ningependa kuandika kwamba wachezaji waliikataa. Tuliwaita wakajaribu nyimbo zilizopangwa na Mapigo na zilizopangwa na programu, bila kuambiwa zipi ni zipi. Wengi walipenda za programu. Walisema zina shughuli zaidi, maana haziachi mikono ikae bure, zinajaza hata pale pa kuvuta pumzi. Mapigo alikuwa ameketi kando akizitazama nyuso zao zilivyochangamka, na hakuhitaji masikio kuelewa. Mwezi uliofuata kampuni ikanunuliwa, na wenye mali wapya wakatangaza kwamba matoleo ya zamani hayana faida ya kuyaweka hewani.

Mapigo aliomba kitu kimoja. Hakuomba kazi, hakuomba kuongezewa muda. Aliomba wimbo wa nane uachwe. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba seva haiwezi kuwashwa kwa ajili ya wimbo mmoja na mchezaji mmoja. Diski za toleo la kwanza zipo, ila mashine ya kuzisomea haitengenezwi tena na ya kwake ilikufa zamani. Hata ingekuwa hai, ngoma ile ya kwanza haikuwa na mtetemo. Dada yetu anayesimamia seva alikuwa tayari kuzivunja kufuli za gemu ampatie nakala, hata kama ingemgharimu kazi, na Mapigo mwenyewe ndiye aliyemkataza. Ana watoto, alisema, aache.

Basi dada wa seva akamrekodia video ya wimbo mzima, alama zote zinavyoshuka. Mapigo aliitazama mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya meza, akamrudishia.

"Hapa naona alipoimba," alisema. "Lakini nikigonga, hanijibu."

Mimi niliinama nikajifanya nachonga penseli. Nimeshuhudia meza hii ikibomolewa kipande kipande, mafundi sauti wakaondolewa, wachoraji tukabaki wawili, na kila mara niliambiwa mambo yatatengemaa. Siamini tena kwamba yatatengemaa. Nalisema hapa kwa sababu hotuba za Ijumaa Mapigo hatazisikia, ila ukurasa huu atausoma, na sitaki kilichoandikwa kwa ajili yake kiwe na uongo.

Zawadi mtakayoiona mbele imefungwa utepe ni ile ngoma ya toleo la tano. Ofisi ya wafanyakazi imeridhia aende nayo nyumbani, nami nawashukuru kwa nia. Atakabidhiwa saa kumi. Saa moja baadaye itakuwa plastiki tu.

Adhuhuri ya Ijumaa atacheza kwa mara ya mwisho. Tafadhali asiingie mtu chumbani mwetu, hata kwa kumpa pole.

Sasa nina ombi kwa mtakaokuwa ukumbini. Meneja akimaliza kusema, msipige makofi. Kwake yeye makofi ni watu wanaokutanisha viganja kimyakimya. Nimewaomba wahudumu waziunganishe meza zote ziwe meza moja ndefu, na Mapigo atakaa mwanzo wake, viganja juu ya mbao kama kawaida yake. Sisi wa idara tutaanza kuugonga ubeti wa kwanza wa wimbo wa shemeji, nanyi mtufuate. Si mgumu. Pale tutakaponyamaza kidogo, nyamazeni, shemeji anavuta pumzi. Tukifika mwisho wa ubeti, kwenye kicheko, inueni mikono yote. Alama ile ataigonga mwenyewe, peke yake. Akishaigonga, sote kwa pamoja tuishushe mikono mara moja, kwa nguvu zetu zote, tumjibu. Ubeti wa pili hatutaugonga.

Mapigo, ahsante kwa matoleo matano, kwa wahasibu waliokunywa vumbi, kwa yule bwana aliyerudi kucheza harusini, na kwa kila mahali ulipomwacha mtu avute pumzi. Tunakutakia mapumziko yenye afya, na watu wa kukushika bega wanapotaka kukuambia jambo. Sauti ya shemeji hatunayo, na kuirudisha tumeshindwa. Ila Ijumaa, ukigonga, tutakujibu sisi.