Mzee Josaya Olowookere, Aliyewaweka Pacha Pamoja

Bwana asifiwe! Mzee Josaya Adegbite Olowookere alizaliwa hapa Ilesa tarehe 14 Machi 1903, mtoto wa nne wa mfumaji Olowookere na Mama Ebun. Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1917, kisha akaenda Abeokuta kujifunza kupiga picha. Mwaka 1924 alirudi na kamera ya miguu mitatu, na mji mzima ukavaa nguo za sikukuu ili upigwe picha!

Kazi iliyompa jina ilikuja Juni 1926. Mama Pacha wa mtaa wa Isona alikuwa amefiwa na Taiwo, mvulana wa miaka mitano ambaye hakuwahi kupigwa picha. Akamleta Kehinde, pacha wake wa kike, ili watoke wote wawili kwenye picha moja. Kama ilivyo desturi yetu, pacha aliyebaki kusimama pichani badala ya mwenzake, Josaya alifunika nusu ya kioo cha kamera kwa kibao, akampiga picha Kehinde akiwa na gauni lake. Kisha akampiga kwenye nusu ya pili, safari hii amevaa kofia na kanzu ya Taiwo. Picha ikatoka na mstari mweusi katikati.

"We kijana, kisu hiki kati ya wanangu ni cha nini?" Mama Pacha alilia. "Kifo kimewatenga, nawe unawatenga tena?"

Akarudia. Mstari uleule. Akapiga magoti, akaomba, kisha akakikwangua kibao cha kufunikia kwa kigae cha chupa hadi kikakaa sawasawa. Mara ya tatu Kehinde alinuna: "Mimi nimechoka kuwa Taiwo!" Watu walicheka huku machozi yakiwatoka.

Picha ilipokauka, mstari haukuwapo. Watoto wawili, bega kwa bega! Mama Pacha alitimua mbio hadi sokoni: "Njooni muone! Wako wote!"

Morenike, mdogo wake Mama Pacha, alibaki studio. "Umeshindwa mara mbili na hukutukimbia. Una mke?"

"Nina kamera, dada."

"Inapika?"

Walifunga ndoa kanisani tarehe 8 Januari 1927.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 1968. Hata kitandani alituamuru tukae wima na kufunga vifungo, kana kwamba anatupiga picha. Bwana alimtwaa Jumanne, tarehe 4 Februari 1969.

Ameacha mjane, Mama Morenike. Watoto Samweli, Dorkasi na Folarin. Na wajukuu kumi na mmoja. Tena geukeni muone barabarani: tangu asubuhi watu wanamiminika, kila mmoja na picha ya marehemu wake, aliyoipiga Mzee, kifuani. Wamekuja na wafu wao kumsindikiza! Ee Bwana, mfungulie mlango mtumishi wako, apumzike kwa amani.