Mzee Cuddy na Ijumaa Zisizo na Bustani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Hapa ni Redio ya Pegdon, mimi ni Norman Stobbs, na leo hamjasikia muziki wa kufungulia kwa sababu nimeukata mwenyewe. Cuthbert Milburn amefariki dunia. Ni yule tuliyemwita sote Mzee Cuddy, wa kiwanja namba kumi na nne kule kwenye bustani za kukodi. Amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka themanini na moja. Mazishi ni Alhamisi hii, saa tano asubuhi, kanisa la Mtakatifu Aidan. Nitarudia mwishoni kwa ambao hawana kalamu karibu.

Naomba niseme jambo moja mapema, msije mkashangaa tukiwa katikati. Huyu mtu nilimwonea kijicho. Nilimwonea kijicho asubuhi nikinywa chai, na jioni nikivua viatu. Wengi wenu mlijua, mkanistahi tu.

Mnayajua mashindano yetu ya liki, kila Septemba, pale klabuni. Mzee Cuddy alikuwa wa kwanza mara kumi na nne. Liki zake, hivi vitunguu vya shina refu, zilikuwa nene kuliko mkono wangu huu, nyeupe, zimesimama wima mezani kama zinasubiri kupigwa picha. Na wa pili alikuwa nani? Mimi. Mara tisa. Mshindi wa kwanza hupewa kitu cha maana, birika la umeme, saa ya ukutani, blanketi la sufu. Wa pili hupewa taulo. Nyumbani kwangu kuna taulo tisa, wasikilizaji wapendwa, na kila nikioga namkumbuka Cuddy Milburn.

Alizaliwa hapa hapa Pegdon mwaka 1943. Alishuka mgodini akiwa na miaka kumi na tano. Majira ya baridi walikuwa wanaingia chini kabla jua halijatoka, na wakipanda juu limeshazama. Mke wake, Bi Enid, aliniambia hivi: "Kuanzia Novemba mpaka Februari alikuwa anaona mwanga Jumapili tu. Alinioa 1966, na Januari ile ya kwanza nilimkuta jikoni amekaa anaitazama kabichi. Haikati wala haimenyi. Anaitazama. Nikamuuliza, una nini wewe? Akasema, 'Niache kidogo, Enid, napumzisha macho.'"

Mgodi ulipofungwa, wengine walihamia kusini. Cuddy alijenga banda la kioo kwenye kiwanja chake na kutundika taa. Siku ya pili ya Krismasi, sisi wengine tukila nyama iliyobaki jana, yeye yuko bandani anapanda mbegu za liki. Kila mwaka, theluji au hakuna theluji. Majira ya baridi ndiyo kazi ilikuwa inaanza kwake.

Na hapo ndipo ugomvi wake na televisheni ulipoanzia.

Mnakijua kile kipindi cha bustani cha Ijumaa, saa mbili usiku. Kinaanza Machi. Mwisho wa Oktoba yule mtangazaji anajifunga skafu yake, anatuaga, na basi. Mpaka Machi tena. Miezi minne na zaidi hakuna jani kwenye televisheni. Cuddy alikuwa anasimama, anazima, anasema, "Haya, wamekwenda kulala wakubwa."

Kisha klabuni tunasikia mashtaka.

"Wapishi je?" anauliza, bia mkononi. "Mpishi anachemsha yai tarehe moja Januari, na kamera nne zinamwangalia. Wacheza mpira wanaonyeshwa kwenye tope. Kuna watu wanaonyeshwa wakinunua viti vilivyovunjika miguu. Mimi nina miche mia mbili chini ya taa, na mimi ndiye nimepumzika?"

Mtu akimwambia aandike barua, anasema, "Nimeshaandika." Na kweli, aliandika kila Novemba. "Ndugu wa televisheni, mnazima taa wakati sisi ndiyo tunawasha zetu." Na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: majira ya baridi bustani imepumzika. Analisoma klabuni kwa sauti ya kasisi, halafu anasema, "Imepumzika? Waje waniambie hivyo mbele ya mgongo huu."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa naingia mimi.

Mwaka 2014 nilimpa dakika kumi katika kipindi hiki, kila Jumamosi asubuhi, Novemba mpaka Februari. Nilidhani atachoka wiki ya pili. Nilidhani pia nitaonekana mkarimu. Lakini alipofungua mdomo, simu hazikukoma. Mnakumbuka alivyokuwa anasema? "Ukimnywesha mche maji mengi Januari umemuua. Mwache aone kiu kidogo. Mimi mwenyewe Enid aliniacha nione kiu mwaka mzima kabla hajakubali, na mnaniona nilivyostawi."

Barua zikaanza kuja. Bahasha moja ilikuwa imeandikwa: Kwa Mzee Cuddy, kupitia kwa yule bwana mwingine.

Yule bwana mwingine ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili redioni wakati huo. Ile bahasha niliitupa kwenye jiko, barua nikampa mwenyewe. Moyo uliniuma kama jino. Nilikuwa nakaa hapa, kwenye kiti hiki, yeye pale ng'ambo ya meza, anacheka na wasikilizaji wangu, na mimi nacheka naye huku naangalia saa.

Majira matano tulikwenda hivyo. Halafu, mwanzoni mwa Januari 2019, ikapigwa simu hapa studio. Ilikuwa televisheni. Mama mmoja, anaitwa Harriet, sauti ya upole.

Akasema, "Tumesikia huko kwenu kuna mtu anazungumzia bustani katikati ya baridi, na watu wanampenda. Tunafikiria kujaribu kipindi cha majira ya baridi. Tungependa kuja kumpiga picha, dakika tatu tu za majaribio. Je, huyo mtu yupo?"

Wasikilizaji wapendwa, nilisema, "Yupo. Ni mimi."

Nilisema hivyo. Nirudie, ili asije mtu akadhani redio yake imekoroma. Waliuliza habari za Mzee Cuddy, nami nikasema ni mimi.

Nikawapangia Alhamisi. Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu Alhamisi Cuddy anampeleka Bi Enid mjini kutengeneza nywele, na hawarudi kabla ya saa nane. Walikuja watatu, na kamera moja. Nikawapeleka kwenye kiwanja changu. Sasa mimi si mtu wa majira ya baridi. Kiwanja changu Januari kina udongo, nailoni nyeusi, na ndoo ya maji yaliyoganda. Nikasimama mbele ya ndoo.

"Haya," akasema Harriet, "tueleze, mwezi huu mtu afanye nini bustanini?"

Nikasema ule utani wa Cuddy wa mche na kiu. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo, nikabadilisha tu jina nikaweka la mke wangu. Hakuna aliyecheka. Yule wa kamera alipuliza vidole vyake. Nikaeleza kuhusu nailoni. Nikaieleza nailoni kwa dakika mbili nzima.

Hatua thelathini kutoka pale, banda la Cuddy lilikuwa linawaka. Asubuhi ile ilikuwa na ukungu na jalidi juu ya kila kitu, na banda lile lilikuwa limejaa kijani mpaka kwenye vioo. Harriet akalitazama. Akaniuliza, "Na kule kwenye taa kuna nini?"

Nikasema, "Njiwa. Kuna mzee anafuga njiwa. Hapendi wageni."

Wakafunga vyombo vyao wakaondoka. Baada ya wiki mbili nikapata barua, ya heshima sana. Wamenishukuru kwa muda wangu. Wamesema ziara yao Pegdon imewathibitishia kwamba, kwa bahati mbaya, majira ya baridi bustanini hakuna cha kuonyesha.

Basi, mkiwasha televisheni Ijumaa hii mkakuta wanapika, mjue mmoja wa waliosababisha anazungumza nanyi sasa hivi.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia halikuharibika neno, kipindi hakikuwepo na hakikuja. Lakini mwezi ule ule Cuddy akaacha zile dakika kumi. Alikuja hapa, kofia mkononi, akasema, "Kifua kinanisumbua, kijana. Endelea mwenyewe, unaweza." Nina miaka sitini na sita na alikuwa bado ananiita kijana. Mlipiga simu kumuulizia, nami nikawaambia ni kifua. Na ndani yangu, nisiwafiche, nilifurahi. Barua zilikuwa zangu tena. Zilikuwa chache, lakini zangu.

Tangu hapo, miaka sita, kila Ijumaa ya majira ya baridi, saa mbili usiku, nikipita kwenda klabuni naona mwanga wa televisheni dirishani kwake. Namwona amekaa, kikombe mkononi, uso mbele. Nilikuwa nasema moyoni, kaidi huyu, bado anasubiri wabadili mawazo. Nilikuwa natabasamu, halafu naenda kunywa.

Jumapili nilikwenda kumpa pole Bi Enid na kumuuliza angependa niseme nini leo. Binti yao, Lorraine, alikuwa anaosha vyombo. Nilikuwa nimekusudia kuandika tarehe na majina na kuondoka. Lakini Bi Enid akaniwekea kipande cha keki, akasema, "Alikupenda sana yule, Norman," na mimi nikaweka keki chini. Nikamwambia yote. Simu, Alhamisi, njiwa.

Hakulia. Alisogeza kikombe chake pembeni.

"Tulijua walikuja," akasema. "Unadhani gari la televisheni linaingia Pegdon lisionekane? Cuddy aliambiwa kabla hajavua koti. Ambacho hatukujua ni kwamba walikuwa wamemtaka yeye."

Nikauliza, alisema nini siku ile?

"Alisema, 'Wamepita mlangoni kwangu wakamchagua Norman. Basi ni haki yao. Sauti yangu ni ya mgodini, Enid, yake imesoma.' Ndiyo maana akaacha kuja kwako redioni. Kifua hakikuwa na kitu. Aliona haya."

Lorraine akafunga bomba la maji, akageuka. "Mwambie za Ijumaa, mama."

"Ijumaa alikuwa anakusubiri wewe," akasema Bi Enid. "Saa mbili kamili ananiita. 'Njoo, Enid, labda leo watamwonyesha Norman.' Miaka sita. Nikamwambia, si umuulize mwenyewe kipindi chake kitaonyeshwa lini? Akasema, 'Hapana, ni siri yake, atatangaza mwenyewe akiwa tayari. Usimtibulie.' Hata Ijumaa ya mwisho hii, tulitazama kipindi cha mapishi mpaka kikaisha, na akasema, 'Labda wiki ijayo.'"

Miaka yote ile namwonea kijicho mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake ananitakia mema.

Nikamuuliza kama nisije mazishini.

Akafungua droo, akatoa karatasi. Ilikuwa orodha ya watu sita wa kubeba jeneza, kwa mwandiko wa Cuddy, zile herufi kubwa kubwa. Jina langu lilikuwa la pili.

"Kakuandika mwenyewe, na mimi silifuti," akasema. "Lakini mimi umeniambia jikoni, na mimi ni mmoja. Wewe una redio. Sema huko, kwa watu waliokuwa wanampigia simu wakaambiwa kifua. Ukishasema, njoo ubebe. Hujasema, kaa nyumbani."

Kwa hiyo nimesema, wasikilizaji wapendwa. Mzee Cuddy hakuacha redio kwa ajili ya kifua. Televisheni ilimtaka Mzee Cuddy. Walimpenda kama ninyi mlivyompenda, na mimi nilisimama katikati.

Bi Enid, najua unanisikiliza. Wewe na Lorraine, na ndugu wote wa familia ya Milburn, na wenzake wa mgodini mliobaki, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Naomba radhi, na sitegemei kujibiwa leo.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu unayemwonea kijicho, na mtu huyo yuko hai, nenda kwake leo. Usipige simu. Nenda, ukae naye, umuulize anakuonaje. Unaweza kusikia jambo ambalo mimi nimelisikia kwa mjane.

Nilisema nitarudia. Mazishi ni Alhamisi, saa tano asubuhi, kanisa la Mtakatifu Aidan. Aliyefariki ni Cuthbert Milburn, Mzee Cuddy wa kiwanja namba kumi na nne, miaka themanini na moja. Wabebaji tukutane saa nne na nusu mlangoni kwake. Mimi nitakuwepo, nitasimama nje, na sitaingia mpaka Bi Enid aniite.